Kabla ya reli nyepesi, tuambiwe ardhi ya kando ni ya nani

Ndugu Mhariri,

Nasoma gazeti lenu tangu ujana wangu na sijawahi kuwaandikia. Makala yenu ya juma lililopita kuhusu kupanga miji kandokando ya reli nyepesi, yaani reli ya treni za abiria za ndani ya mji, imenishinda kunyamazia. Mwandishi wenu aliisifu Addis Ababa, kisha akatuhimiza watu wa Tanga tujiandae kwa sababu viwanja vya jirani na stesheni hupanda thamani. Vinampandia nani?

Addis Ababa walizindua reli yao mwaka 2015, njia mbili zenye urefu wa kilomita 34 hivi. Ni kazi kubwa, siibezi. Lakini sehemu nyingi reli imepita katikati ya barabara na kuzungushiwa uzio, kiasi kwamba mtu anayetaka kuvuka upande wa pili analazimika kukitafuta kivuko kilipo. Na miaka ya karibuni treni nyingi zimelala kwa kukosa vipuri. Hayo hayakuandikwa.

Mimi naishi Pongwe. Nyumba aliyotuachia marehemu mama ilipigwa alama ya X na vijana waliokuja na kopo la rangi nyekundu na karatasi ambayo hatukupewa nakala yake. Tukaambiwa kuna mradi, tusijenge, tusikarabati, tusubiri tathmini. Tumesubiri miaka. Bati za upande wa jikoni zimeliwa na kutu hadi masika tunahamisha magodoro, na fundi kila akiiona ile X anaogopa kupanda juu. Ofisini nikienda naambiwa faili liko kwa mwingine; huyo mwingine yuko safari; akirudi, amehamishwa. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka fidia iwe kamili, ya haki na ilipwe kwa wakati. Mama amezikwa bila kujua kama nyumba ni yake au ya mradi! Wakati huohuo kiwanja cha nyuma yetu, ambacho hakina hata msingi, kimeuzwa na kuuzwa tena na watu ambao hatujawahi kuwaona mtaani, na dalali anatembea na picha ya ramani kwenye simu ambayo mwenyekiti wetu wa mtaa hajaonyeshwa. Hiyo ndiyo thamani inayopanda, Mhariri, na anayeipata ni yule aliyeiona ramani mapema.

Wataalamu wa mipango miji hupima mita 800 kutoka kituoni, mwendo wa kama dakika kumi kwa miguu, wakasema hapo ndipo ziwekwe nyumba nyingi, soko, shule na maduka. Nakubaliana nao kabisa. Ila mita 800 hizo zikishaliwa na wenye fedha, mama ntilie na mpangaji wa chumba kimoja watasukumwa mbali, na treni itakuwa inapita kwa watu wenye magari yao.

Isitoshe, sisi reli si ngeni kwetu. Ya kwetu ilianza kujengwa mwaka 1893 na ikafika Moshi mwaka 1911. Muheza, Korogwe na Mombo zilikua pamoja nayo. Lakini treni ya abiria ya Dar es Salaam iliporudi Desemba 2019 ilipita Korogwe ikaenda zake Moshi. Mjini Tanga haikufika. Na stendi ya mabasi ikapelekwa Kange, kwa hiyo mgonjwa anayeshuka usiku bado ana nauli ya bajaji ya kutafuta. Mji huu unaendeshwa na baiskeli, na hata stendi tunazojengewa hazina mahali pa kuifunga baiskeli ukaikuta!

Kwa hiyo naomba hivi. Kabla mchoro wowote wa reli haujapitishwa, ubandikwe kwenye ukuta wa kila ofisi ya mtaa inayoguswa, kwa Kiswahili, namba za viwanja zikionekana. Mauziano ndani ya mita 800 yasimamishwe mpaka majina ya wamiliki yasomwe kwa sauti kwenye mkutano wa mtaa, Jumapili alasiri, watu wakiwa nyumbani. Kila kituo kiwe na banda la baiskeli 200 lenye paa na mlinzi. Na nyumba yenye X ambayo haijalipwa ndani ya miezi sita, mwenyewe apewe barua ya kuifuta X hiyo na kuezeka upya. Bila hayo mchoro usipitishwe.

Mkazi wa Pongwe,
Tanga