Michoro ya takwimu za afya ichorwe kwa uangalifu

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua nizungumzie michoro inayotumika kuwafikishia wananchi matokeo ya tafiti za afya. Mara nyingi kazi hii huachiwa mpangaji wa kurasa, ambaye hukabidhiwa jedwali wakati gazeti linakaribia kwenda mitamboni na kuambiwa atafute namna ya kulipendezesha.

Nitachukua malaria, kwa sababu takwimu zake zipo na ni rahisi kupotosha bila kukusudia. Kwa Tanzania Bara, kiwango cha maambukizi kwa watoto wa miezi 6 hadi 59 kilikuwa asilimia 14.8 katika utafiti wa 2015-16, kikashuka hadi 7.5 mwaka 2017, kisha kikawa 8.1 mwaka 2022. Mchoraji wa grafu ya nguzo akizianzisha nguzo zake kwenye sifuri, msomaji ataona mteremko mkubwa, halafu hali iliyobaki karibu palepale. Akizianzisha kwenye 7 ili kubana nafasi, nguzo ya 2022 itakuwa ndefu zaidi ya mara mbili ya ile ya 2017, na abiria anayepitisha macho tu ndani ya daladala atashuka akiwa na hakika kwamba malaria imeongezeka maradufu, ilhali hakuna namba hata moja iliyoghushiwa. Isitoshe, tofauti ndogo kama hiyo, kati ya tafiti mbili za sampuli, yaweza kutokana tu na kaya zilizoangukia kuchaguliwa, na mchoro wa haki ungesema hivyo.

Ramani nayo ina mtego wake. Ni kweli kwamba wastani wa taifa huficha mengi: mwaka 2022 Tabora iliongoza kwa takriban asilimia 23, huku Kilimanjaro na Arusha zikiwa chini ya 1, na hakuna kinachoonyesha pengo hilo haraka kama ramani iliyotiwa rangi. Lakini ramani hupaka ardhi, haipaki watu. Tabora ndio mkoa mkubwa kuliko yote kwa eneo, hivyo hujaza macho, na Dar es Salaam huonekana kama kidoa, ingawa Sensa ya 2022 iliihesabia watu zaidi ya milioni 5.3 dhidi ya milioni 3.4 hivi wa Tabora. Anayetaka kujua wagonjwa wako wapi anahitaji mchoro wa pili kando ya ramani, unaoonyesha idadi ya watu.

Nasikia hoja kwamba wananchi wa kawaida hawajui kusoma grafu. Sikubaliani nayo. Kila mama anayempeleka mtoto kliniki anasoma grafu kwenye kadi: anaona nukta ya mwezi huu iko juu au chini ya ile ya mwezi uliopita, na anajua mstari ukilala kuna jambo. Utepe wa kupimia mkono wa mtoto nao umebeba matokeo ya tafiti nyingi za lishe katika rangi tatu tu, nyekundu ikiwa chini ya sentimita 11.5 na kijani kuanzia 12.5. Vifaa hivi vinasomeka kwa sababu kila kimoja kinajibu swali moja.

Rangi hizo, hata hivyo, hazifai kuhamishiwa gazetini kiholela. Kwenye ukurasa usio wa rangi, nyekundu na kijani hutoka kijivu kile kile, na bango la zahanati likitolewa fotokopi hali ni hiyo hiyo. Ni afadhali kutumia mistari, vivuli vinavyotofautiana wazi na maneno yaliyoandikwa juu ya nguzo yenyewe. Kuhusu udumavu, yaani mtoto kuwa mfupi mno kwa umri wake, uliofikia asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka 5 mwaka 2022, ingetosha kuchora watoto kumi na kuwatia kivuli watatu.

Naomba basi gazeti lako liweke utaratibu kwamba kila mchoro wa afya utaje chini yake mwaka wa utafiti na waliopimwa ni akina nani, na kabla ya kuchapwa waonyeshwe watu wachache wasiohusika na habari hiyo, waulizwe wameelewa nini. Majibu yao yakipishana, mchoro urudi kwa mchoraji.

Msomaji wenu,
Morogoro