Kuzuia nyuzi za amiloidi na kuzifagia ni mambo mawili

Mhariri, naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua.

Nimeisoma ile makala yenu ya afya iliyosema manjano, kile kiungo cha jikoni, "inayeyusha uchafu wa ubongo" na kuzuia ugonjwa wa Alzheimer, nikairudia tena nikidhani labda ni macho yangu, maana nimekaa maabara miaka kadhaa nikifanya kazi hiyo hiyo ya kutafuta vitu vya kuzuia protini zisijisuke nyuzi, na hiyo manjano ilishanidanganya mimi kabla haijawadanganya nyinyi.

Ilikuwa hivi. Kujua kama nyuzi za amiloidi, yaani zile ambazo protini zilizopoteza umbo hujisuka, zimeota tunatumia rangi moja inaitwa thioflavini T, ikiwa peke yake kwenye maji haiwaki kitu cha maana, ikishika kwenye nyuzi inawaka. Unaweka protini na rangi kwenye sahani ya vishimo 96, unaingiza kwenye mashine, unaenda zako. Ukirudi unakuta mstari wa mwanga kwenye grafu umelala masaa kadhaa kama hakuna kinachoendelea halafu ghafla unapanda kama ukuta. Pale ulipolala ndio protini zinatafutana, mbegu ya kwanza ni ngumu kutokea, ila ikishatokea basi tena, kila ncha inavuta wenzake na ubavuni mwa nyuzi za zamani zinazaliwa mbegu nyingine. Sasa siku niliyoweka kurkumini, yaani ile kemikali inayoipa manjano rangi yake, mstari haukupanda kabisa! Nikamwita bosi kwa furaha. Yeye wala hakushtuka, akasema chukua tone kaangalie kwenye darubini ya elektroni. Nikakuta nyuzi tele, kama nywele chini ya kiti cha kinyozi. Kumbe kurkumini inameza mwanga ule ule tunaoupima, nyuzi zipo ila taa ndio imezimwa.

Na sio mimi wa kwanza kuchezewa na rangi, hata hilo jina amiloidi lilitokana na kosa kama hilo. Mwaka 1854 daktari Mjerumani Rudolf Virchow alipaka ayodini kwenye tishu, akaona rangi imebadilika, akadhani ni kitu cha jamii ya wanga akaiita hivyo, kumbe ni protini.

Sisemi kurkumini ni bure kabisa, kuna maabara zimeona inapunguza nyuzi kweli ndani ya chupa. Lakini ukiimeza kinachofika kwenye damu ni kidogo mno, kwenye ubongo ndio usiseme.

Kilichonikera zaidi ni kwamba mwandishi wenu kachanganya kuzuia na kufagia. Dawa ya Alzheimer ya lecanemab iliyopitishwa Marekani 2023 ni ya kufagia, ni antibodi, yaani protini ya kinga, inayoshika amiloidi ili iondolewe, na kwenye majaribio ya miezi 18 yenye watu karibu 1,800 wagonjwa waliendelea kuzorota ila kwa kasi ndogo kwa 27% kuliko waliopewa dawa ya bandia, na baadhi walivimba ubongo au kuvuja damu kidogo. Ni hatua, sikatai, ila "kuyeyusha ugonjwa" hakupo hapo. Wengine walijaribu kukamata mkasi wenyewe, yaani kimeng'enya kinachokata amiloidi beta, ile inayojaa kwenye ubongo wa wenye Alzheimer, kutoka kwenye protini mama, na dawa moja ya hivyo, semagacestat, ikasimamishwa 2010 maana hali za wagonjwa zilizidi kuwa mbaya. Mkasi ule unakata vitu vingi vingine mwilini vinavyohitajika.

Mnaotaka habari ya kuzuia, iko moja nzuri na sijaiona kwenye gazeti lenu hata siku moja. Kuna protini ya damu inaitwa transthairetini, inatembea vipande vinne vimeshikana, kazi yake kubeba homoni ya tezi ya shingoni na kusaidia kubeba vitamini A. Kipande kikichomoka kinapoteza umbo, kinajisuka nyuzi na wenzake, zinajaa kwenye moyo au mishipa ya fahamu. Dawa ya tafamidis inaingia kwenye kile kitundu cha homoni na kuvibana vyote vinne visiachane, basi. Ulaya waliipitisha 2011 kwa ajili ya mishipa ya fahamu, Marekani 2019 kwa ajili ya moyo, na kwenye majaribio ya moyo baada ya miezi 30 walikufa 29.5% ya walioitumia, wasioitumia 42.9%. Nyuzi zilizokwisha kujaa haizigusi, ndio maana mgonjwa akichelewa haimsaidii sana. Hata insulini ya kwenye chupa inalindwa kwa ujanja kama huo, molekuli sita zimeshikizwa na zinki, na wanaojichoma wanajua hawatakiwi kuitikisa kwa nguvu wala kuiacha kwenye joto, na ile inayotakiwa kuwa angavu kama maji ikionekana ina ukungu inatupwa, kwa sababu nayo hujisuka nyuzi.

Naomba mrekebishe basi, na mkirekebisha mguse na ule mchoro wa ubongo. Mmechora amiloidi beta imejaa ndani ya seli. Yale mabonge yake hukaa nje, kati ya seli na seli, nyuzi za ndani ni za protini nyingine inaitwa tau.

Msomaji wenu, fundi wa maabara