Hamisi, soma dai la kwanza kabla ya kuogopa

Rafiki yangu Hamisi,

Salamu nyingi. Barua ya mawakili wa kampuni inayosema mashine yako ya kukausha sampuli kwa gesi ya naitrojeni imekiuka hataza yao (haki ya kisheria ya uvumbuzi) ni ndefu, lakini uzito wote uko kwenye dai la kwanza la hataza hiyo. Michoro iache kwanza; kinacholindwa ni maneno ya madai.

Dai hilo lina sehemu tatu: beseni la moto linaloshika mirija ya sampuli, nozeli (ncha ya kutolea gesi) iliyoinamishwa ili naitrojeni ipige ukuta wa ndani wa mrija na kushuka ikizunguka, na kihisi kinachofunga gesi pale kiyeyushi (kimiminika kinachokaushwa) kikibaki mililita moja. Chora jedwali, kila sehemu mstari wake, na mkabala wake andika mashine yako inafanya nini. Ikikosekana hata moja, hujakiuka dai hilo kwa maneno yake. Kuongeza vipuri vyako juu ya hizo tatu, hata hivyo, hakukuokoi.

Wewe huna kihisi, una saa ya kuhesabu dakika. Watasema ni kitu kilekile, na mahakama za nchi nyingi hukubali hoja ya usawa wa kazi, yaani kwamba kifaa tofauti kinachofanya kazi ileile kwa njia ileile huhesabiwa kuwa kilekile. Wajibu kwamba saa haijui kilichobaki: viyeyushi hutofautiana, methanoli huchemka kwenye nyuzi 65, asetonitraili 82, hivyo kwa dakika zilezile mrija mmoja utakauka kabisa na mwingine utabaki na kimiminika.

Penye wasiwasi ni nozeli. Sindano yako ya kutolea gesi ni ya wima, ila ikipinda kidogo tu gesi inagonga ukuta. Tia maji ya rangi kwenye mrija wa kioo, fungulia gesi polepole, piga video. Gesi ya wima huchimba kishimo katikati ya maji. Ya kuinama huyazungusha yote. Na kipeperushi chako kinachotangaza “gesi ya mzunguko” kitakuponza kuliko mashine yenyewe. Usikifiche, mpe wakili kama kilivyo.

Kuhusu kuipinga hataza, tafuta miongozo ya mashine za zamani na tasnifu zilizotoka kabla ya tarehe ya ombi lao. Ili kuonyesha kwamba uvumbuzi wao haukuwa mpya, waraka mmoja lazima uwe na sehemu zote tatu. Mashine ya kuzungusha chupa kwenye ombwe haikusaidii hapo, haina nozeli.

Leo hii kagua rejista ya hataza: hataza huishi miaka 20 tangu ombi, ada isipolipwa hufa mapema, na nje ya nchi iliposajiliwa haina nguvu. Usiwaandikie chochote mwenyewe, hata cha kujitetea.

Nitumie video, na picha ya ncha ya sindano kwa karibu.

Wako,
Juma