Mjomba, kipindupindu cha Goma hakikuletwa na uchafu wa wakimbizi

Mjomba wangu mpendwa,

Ulisema kwenye simu kwamba watu waliokimbia vita wilayani Rutshuru ndio walioiletea Goma, huku mashariki mwa Kongo, kipindupindu kwa kukosa usafi. Kwa heshima zote naomba nikupinge, maana maneno hayo yanasemwa na wengi na yanawaumiza watu waliokwisha kupoteza kila kitu.

Itazame ardhi yenyewe. Mei 22, 2021 volkano ya Nyiragongo ililipuka, lava ikashuka hadi ukingoni mwa mji, ikateketeza nyumba na kuharibu tangi na mabomba, hata watu wapatao nusu milioni wakakosa maji. Mwishoni mwa 2022 vita vya waasi wa M23 vikawasukuma maelfu ya watu hadi Kanyaruchinya, chini ya mlima huohuo, ambako ukipiga sururu inadunda juu ya mwamba mweusi. Shimo la choo halichimbiki. Vyoo vilijengwa juu ya majukwaa, navyo vilijaa upesi. Desemba kipindupindu kikatangazwa. Hata wewe, mjomba, pamoja na usafi wako wote, ungeugua hapo. Mwaka 1994, wakimbizi kutoka Rwanda walipopiga kambi juu ya miamba ya namna hiyo, takriban watu 50,000 walikufa katika mwezi wa kwanza, wengi wao kwa kipindupindu na kuhara damu.

Kwa wanaochota maji Ziwa Kivu, kinga ni kijana anayesimama ufukweni na bomba la sindano, akitia klorini, dawa ya kuua vijidudu, katika kila dumu kabla halijabebwa. Posho yake ikikatika, maji hubebwa vivyo hivyo.

Mwaka 2024 ikaongezeka mpox, ugonjwa wa upele unaoambukizwa kwa kugusana. Mgonjwa alishauriwa ajitenge, lakini angejitenga wapi ndani ya hema moja la turubai ambamo familia nzima ililala? Januari 2025 vita vilipoingia mjini, wagonjwa walivikimbia vituo vya matibabu, na Februari kambi zikavunjwa. Wahudumu wakapoteza njia ya kuwafuatilia wagonjwa na waliogusana nao.

Najua parokia yenu inakusanya nguo. Nakuomba uwashawishi wenzako mchango ujao uwe sabuni, madumu yenye vifuniko na posho ya wale vijana wa klorini. Nijibu, mjomba, hata kama bado hukubaliani nami.

Mpwa wako