Kesi ya bomu la Dar ilimalizwa na mahakama ya kiraia

Mhariri,

Msomaji mwenzangu ameandika juma lililopita kwamba watuhumiwa wa ugaidi wapelekwe kwa wanajeshi, maana mahakama za kiraia "zinawalea". Nashangaa hakuigusa kesi inayotuhusu sisi wa Dar es Salaam kuliko wote.

Agosti 7, 1998 nilikuwa karani wa masjala katika mahakama moja ya Kinondoni. Mlio ule wa bomu kwenye ubalozi wa Marekani ulitikisa madirisha, majalada yakaporomoka kutoka rafuni. Watu 11 walikufa hapa, na Nairobi zaidi ya 200. Ahmed Khalfan Ghailani, kijana wa Zanzibar aliyetuhumiwa kushiriki ulipuaji huo, alikamatwa Pakistan mwaka 2004, majasusi wa Marekani, CIA, wakamficha, kisha akapelekwa Guantánamo, gereza la jeshi la Marekani. Mwaka 2010 akapandishwa kizimbani New York, mahakama ya kiraia. Mashtaka 285, jopo la raia likamtia hatiani kwa moja tu.

Hilo moja ndilo linalowakera watu. Lakini Jaji Lewis Kaplan alimkataa shahidi muhimu, Mtanzania ambaye angeeleza kwamba alimuuzia Ghailani baruti, kwa sababu shahidi huyo alijulikana kupitia maneno ambayo Ghailani aliyatoa kwa kulazimishwa mikononi mwa CIA. Jaji akaongeza kuwa haielekei hata tume ya kijeshi, yaani mahakama maalumu ya wanajeshi kule Guantánamo, ingempokea. Sisi wa masjala, hayo tunayajua: ushahidi ulioharibiwa mahabusu hauponi kizimbani, hata hakimu avae magwanda.

Na shtaka hilohilo moja lilimpa kifungo cha maisha, Januari 2011. Khalid Sheikh Mohammed, anayetuhumiwa kupanga mashambulizi ya Septemba 11, alikamatwa 2003. Yeye kapewa tume ya kijeshi, na kesi yenyewe haijaanza kusikilizwa. Kati ya mfiwa wa Dar na mfiwa wa Septemba 11, yupi ameshajua hatima ya kesi yake?

Jirani zetu Uganda waliwahukumu walipuaji wa Kampala wa 2010 katika Mahakama Kuu, wala dunia haikupasuka. Ila mahakama za kijeshi za hukohuko Uganda zimekuwa zikipokea raia pia, na Novemba 2024 aliyefikishwa huko ni Kizza Besigye, mpinzani wa Museveni, si gaidi wa bomu. Mahakama ya Juu ya Uganda ilikataza mtindo huo wa kuwashtaki raia jeshini Januari 2025. Kabla mwaka haujaisha Bunge likaurudisha kwa sheria mpya.

Basi msomaji huyo atutajie mahakama ya kijeshi ya ukanda huu iliyowahi kupokea magaidi ikaishia kwa magaidi tu.

Karani mstaafu,
Magomeni, Dar es Salaam