Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Sindano na Uvimbe wa Ovari

Ndugu wanachama,

Hesabu za chama zimekaguliwa na mtazisikia kwa mweka hazina. Mimi naomba nizungumzie jambo lililotawala vikao vyetu mwaka huu: kuchukua kinyama (kipande kidogo cha kupimwa maabara) kwa sindano mgonjwa anapokuwa na uvimbe wa ovari.

Uvimbe uliojifungia ndani ya ovari, hasa wenye majimaji, usidungwe. Ukiwa ni saratani na ganda lake likapasuka, yaliyomo yakamwagika tumboni, mgonjwa wa hatua ya 1A (saratani iko ndani ya ovari moja tu) anahesabiwa wa 1C (ganda limepasuka), na huenda akapewa tibakemikali ambayo angeiepuka. Tena majimaji hayo mara nyingi hayana seli za kutosha, kwa hiyo jibu la "hatujaona saratani" humpa mgonjwa faraja isiyo na msingi. Uvimbe kama huo utolewe mzima, uletwe maabara.

Ugonjwa ukishasambaa, hesabu inabadilika. Mama anafika tumbo limejaa maji, CA-125, kipimo cha damu ambacho hupanda kwenye saratani ya ovari, imepita mbali kiwango cha kawaida cha 35, na ultrasaundi inaonyesha utando wa mafuta unaofunika utumbo umekuwa mnene. Ni rahisi kuandika "saratani ya ovari" papo hapo. Lakini kifua kikuu cha tumbo huja na sura hiyohiyo, CA-125 nayo ikiwa juu, na saratani ya utumbo mpana au ya mfuko wa chakula hupenda kuhamia kwenye ovari. Hapo ndipo sindano nene, ikiongozwa na ultrasaundi hadi kwenye ule utando, inapofanya kazi yake. Vipande vyembamba kama uzi vinatosha kupimwa PAX8, WT1, CK7 na CK20, protini zinazosaidia kujua saratani ilianzia kiungo gani. Mwenye kifua kikuu anaepushwa na kisu, na mwenye saratani ya ovari anaanza tibakemikali ugonjwa wake ukiwa umethibitishwa.

Tahadhari moja: kipande kidogo kikionyesha uvimbe wa mpakani (ulio kati ya usio saratani na saratani), msifunge jalada. Sehemu ya jirani, ndani ya uvimbe uleule, inaweza kuwa na saratani.

Kinachoniuma ni fomu. Bado tunapokea chupa ya formalini, dawa ya kuhifadhia vinyama, iliyoandikwa "kinyama cha tumbo", basi. Hakuna umri, hakuna CA-125, wala hatuambiwi kimetoka kwenye ovari au kwenye utando. Msomaji wa slaidi atamsaidiaje mama huyo? Kamati imeandaa fomu mpya, nayo itapigiwa kura mkutano mkuu. Wapasuaji na wataalamu wa picha, isomeni kabla ya kuja.