Gari kuukuu hukaguliwa kwa nyundo, si kwa macho

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na vijana wa Mwanza ambao simu zao zimejaa picha za Mustang na Camaro za miaka ya sitini, na ambao sasa wanatafuta gari la kufufua: sura ya zamani, injini na breki za kisasa. Hamu hiyo naielewa. Lakini usukani wa magari yale uko kushoto. Barabara ya Shinyanga ukitaka kulipita basi, nusu ya gari itakuwa imeshaingia upande wa pili kabla hujaona kinachokuja. Vipuri navyo ni vya kuagiza kimoja kimoja. Chuma cha kufufua tunacho hapa: Land Rover 109 Series III, iliyotengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, bado inapatikana katika yadi za kanda hii ikiwa imelala tu.

Wanunuzi wengi huanza kwa kuuliza injini. Injini ndiyo rahisi kubadilisha. Kinachoua mradi ni chasisi na kadi ya usajili.

Bodi ya 109 karibu yote ni alumini, haioti kutu nyekundu, na ndiyo inayowadanganya watu. Chasisi ni boksi la chuma, bati la kama milimita 2 tu, na huoza kuanzia ndani, pale tope linapokaa. Maji ya Ziwa Victoria hayana chumvi, kwa hiyo gari lililozeekea Ukerewe linaweza kuwa na chasisi bora kuliko lililozeekea Tanga. La kuogopa ni lile lililobeba samaki wa chumvi kutoka soko la Mwaloni Kirumba. Maji ya chumvi huchuruzika kila safari, na gari la namna hiyo ukilipigia nyundo sehemu ya nyuma linajibu kwa sauti nzito kama debe lenye mchanga. Gonga mhimili wa nyuma wa chasisi, mikono inayoshika kabini na tangi, na pale springi zinapofungwa. Panaposikika sauti nzito, bonyeza kwa bisibisi. Ikizama, kata mpaka ufikie chuma kizima ndipo uchomelee kipande kipya cha unene uleule. Kubandika bati juu ya kutu ni kuficha tu, nako mafundi wetu wamekuzoea mno. Kisha pima chasisi kwa mshazari, kona hadi kona. Tofauti ikizidi milimita 5, imepinda. Na tafadhali, acheni kupaka oili chafu huko chini, maana inaozesha raba za springi.

Sasa kadi. Namba ya chasisi ya Series III imegongwa kwenye shikio la springi ya mbele kulia, sehemu ambayo nayo huoza na kukatwa. Futa uchafu kwa brashi ya waya na uisome mwenyewe, uilinganishe na kadi kabla hujatoa hata shilingi. Kama kipande kile kimebadilishwa na namba haipo, ondoka. Kadi yenye majina ya marehemu, bila msimamizi wa mirathi, ni kesi unayoinunua. Na kwa kuwa kadi inaandika pia namba ya injini, injini mpya lazima ipelekwe Mamlaka ya Mapato (TRA) ikiwa na stakabadhi zake. Usipofanya hivyo, siku ya ajali bima watakuwa na pa kukukatalia.

Kuhusu injini yenyewe, ushauri wangu hautawafurahisha wapenda V8. Chukua 3L ya Toyota (hilo ni jina la injini, si ujazo wake), dizeli ya lita 2.8 ya Hiace na Hilux. Haina turbo wala kompyuta, na kila fundi wa Nyakato anaijua. Nguvu yake ya kuzungusha shafti (torki) ni karibu Nm 190, wakati injini ya petroli ya asili, lita 2.25, inatoa karibu 163. Giaboksi na shafti za Land Rover zinaumudu mzigo huo. Ukiweka 1HZ, dizeli ya Land Cruiser yenye karibu Nm 280, utakuwa mteja wa kudumu wa giaboksi. Kumbuka pia kwamba Mwanza iko karibu mita 1,140 juu ya usawa wa bahari, na injini isiyo na turbo hupoteza hapa takriban asilimia 10 ya nguvu zake. Difu za asili, za uwiano wa 4.7, usiziguse. Kwa tairi za 7.50-16, mwendo wa kilomita 80 kwa saa ni kama mizunguko 2,900 kwa dakika, na 3L hapo haisumbuki.

Injini ya mtumba ipimwe kompresheni ikiwa ya moto. Nzuri hukaribia kilo 32 kwa sentimita ya mraba. Silinda yoyote chini ya 20, au tofauti ya zaidi ya 5 kati ya silinda, iache dukani. Inunue pamoja na alteneta yake, kwani nyuma ya alteneta ndipo ilipo pampu ya vakyumu. Dizeli haina mvuto wa hewa kwenye manifoldi, hivyo bila pampu hiyo busta ya breki, inayosaidia mguu kukanyaga, ni pambo. Bomba linalorudisha oili kutoka kwenye pampu lisibanwe popote, la sivyo sili itapasuka. Mkanda wa taiming badilisha kabla ya kufunga, hata kama muuzaji ataapa.

Kazi ngumu ni bati la kuunganisha injini ya Toyota na giaboksi ya Land Rover. Tundu la katikati likipishana na shafti, klachi itatetemeka na beringi itakufa mapema. Lipimwe kwa geji ya saa iliyofungwa kwenye flaiwili, na mpishano usizidi milimita 0.2. Jicho la fundi halitoshi hapa, awe bingwa kiasi gani. Sampu ya Hiace, yaani karai la oili chini ya injini, inaweza kugonga ekseli ya mbele. Bana springi hadi mwisho upime, na kati ya sampu na ekseli zibaki angalau sentimita 5.

3L ikichemka hata mara moja, hedi inaweza kupasuka. Kwenye mwinuko wetu maji ya wazi huchemka kwenye nyuzi 96, kwa hiyo mfuniko wa rejeta unaoshika presha si jambo dogo. Weka rejeta nzima, kava ya feni na thermostati, ile vali inayodhibiti mzunguko wa maji. Kuitoa thermostati kwa kisingizio cha joto la Afrika ni imani, si ufundi.

Breki zitangulie injini kufungwa: dramu za inchi 11 zinatosha zikiwa na silinda mpya, busta na masta silinda ya njia mbili. Waya zote ziwe mpya, na rilei za taa kubwa. Nunua spana za inchi pamoja na za milimita, gari hili sasa linadai zote.

Baada ya kilomita 500 za kwanza, kaza tena boliti za springi na za bati la kuunganisha, kisha mwaga oili ya giaboksi kwenye beseni safi. Ukiona vumbi la rangi ya shaba likimetameta kwa wingi, usiendelee kuendesha. Shusha giaboksi na upime upya ule mpishano.

Fundi magari,
Nyakato, Mwanza